Mwaloni usiukate kichwa kichwa: kwa mnaoanza kazi za miti huku Ohio

Wadau mlioingia juzi juzi kwenye kazi za kupogoa miti na kusafisha yadi, naomba tuongee kuhusu mwaloni, ule mti huku wanauita oak. Miti mingine mtaizoea taratibu ila huu ukikosewa viumbe vingi sana vinakosa chakula na pa kulala kwa mkupuo.

Kwanza jifunze kuitofautisha. Jani lenye ncha za mviringo huo ni mwaloni mweupe, lenye ncha kali na kama kinywele mwishoni huo mwekundu. Wanyama wenyewe wanajua tofauti! Njugu za mweupe, yaani mbegu zake, zikidondoka zinaota mizizi kabla hata baridi haijaanza, za mwekundu zinangoja mpaka machipuko. Sasa mcheki kindi: akiokota ya mweupe mara nyingi anaila hapo hapo, na akiamua kuifukia anaigeuza geuza mikononi, anang'oa kile kiini kwa meno ili isiote, ndo anafukia. Ya mwekundu anaifukia nzima. Mi nikiona hivyo nazima mashine niangalie, inapendeza mno. Zile anazosahau ndo zinakuwa mialoni, pamoja na za bluu jei, yule ndege anazibeba mbali na kuzichimbia moja moja. Kulungu, bata mzinga wa porini na panya nao wanazitegemea. Kuna mwaka mti unamwaga njugu mpaka unateleza ukitembea halafu unaofuata hamna kitu, ni kawaida yake, usimwambie mteja mti unaumwa.

Majani nayo. Viwavi wengi sana wanakula mwaloni, na chickadee, kandege kadogo kale, kanahitaji viwavi kama 6,000 hadi 9,000 kulea kiota kimoja tu. Viwavi wengi wakishiba wanashuka kujificha kwenye majani makavu chini ya mti, kwa hiyo ukipuliza yote na bloa umewaondoa. Mwombe mteja mwachie duara la majani chini ya mti, wengi wakielezwa vizuri wanakubali.

Matawi makavu yasiyotishia nyumba wala njia, yaache. Kigong'ota anatoboa humo, akihama wengine wanarithi shimo. Kabla ya kuwasha msumeno angalia mdomo wa shimo kama umelainika, angalia manyoya, angalia chini kama kuna vile vidonge vya manyoya na mifupa anavyotema bundi, ukiviona shuka umwambie fomani.

Na kuanzia Aprili mpaka Julai usipogoe kabisa kama hakuna dharura, jeraha bichi linaita wadudu wanaobeba kuvu na mwaloni mwekundu unaweza kufa ndani ya wiki chache, achilia mbali viota. Kazi hiyo ni ya kipindi cha baridi, ila hata Januari kagua mashimo maana kindi wale wanaoruka wanajazana kwenye shimo moja wapate joto.