Matiti kujaa na kuuma kila mwezi wakati wa kunyonyesha

Pole sana, dada. Umeeleza kwamba mtoto wako ana miezi 9, na kwamba wiki moja kabla ya hedhi matiti yote mawili hujaa na kuuma, kisha hutulia damu ikianza. Nilipitia hali hiyo. Hata kanga ikinigusa kifuani niliumia. Mpangilio huo kwa kawaida hutokana na homoni baada ya hedhi kurudi, na siku hizo maziwa huweza kupungua kidogo, kisha hurudi.

Endelea kunyonyesha, ukihakikisha mtoto ameshika sehemu kubwa ya weusi wa titi, si ncha ya chuchu tu. Ukimaliza, weka kitambaa cha maji baridi. Usikande kwa nguvu wala kukamua kupita kiasi, kwa sababu kukamua sana huongeza maziwa na uvimbe. Parasetamoli inafaa kwa anayenyonyesha, kwa kipimo kilichoandikwa.

Titi moja likiwa la moto na gumu, nawe ukapata homa au kutetemeka, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata usipoona wekundu, kwani kwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi. Uvimbe unaobaki baada ya hedhi upimwe, hata kama hauumi. Hedhi ikichelewa, pima ujauzito.