Uliza Ujibiwe: Wagothi waliomba kuvuka mto, wakauziwa nyama ya mbwa

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi niko Moshi, Kiboriloni, nauza mitumba. Juzi hapa kwangu vijana wamebishana mpaka jioni, mmoja anasema Wagothi walikuwa washenzi tu wametoka huko porini wakaivamia Roma wakaiharibu, mwenzie anasema hapana, Waroma ndo waliwachokoza. Nani yuko sahihi hapo?

JIBU: Dada yangu, nzuri kabisa. Huyo kijana wa pili mpe soda, kwa kweli ana hoja. Sisemi Wagothi walikuwa malaika, maana mwaka 251 walimuua vitani Kaisari wa Roma mwenyewe, Decius, na kabla na baada ya hapo walikuwa wanavuka mto Danube, uliokuwa mpaka wa dola ya Roma, kupora. Ila ugomvi mkubwa, ule uliokuja kuifikisha Roma pabaya, haukuanza kwa uvamizi, ulianza kwa watu kuomba hifadhi.

Mwaka 376 Wahun, wahamaji wanaopigana juu ya farasi, walikuwa wanatokea mashariki wanapiga kila wanayemkuta. Wagothi, wakulima na wafugaji waliokaa kwenye nchi ambazo leo ni Romania na Ukraine, wakakimbia na wake zao na watoto mpaka ukingoni mwa Danube, wakatuma ujumbe kwa Kaisari Valens aliyekuwa Antiokia, jamani tupokeeni, tutalima na tutawapa vijana wa jeshi. Valens akakubali, maana alihesabu askari wapya wa bure. Wazee wetu wa Ngara walioona wakimbizi wa Rwanda wanavyoingia pale Rusumo mwaka 1994 wanaijua hiyo picha bila kusimuliwa. Walivuka usiku na mchana kwa maboti, kwa maboya ya kuungaunga, kwa mitumbwi ya magogo yaliyochongwa, mto umejaa mvua, na wengi walizama.

Sasa ng'ambo ya pili ndo kuna kitu huwa kinaniuma kila nikikisoma. Maofisa wawili waliopewa kazi ya kuwapokea, Lupicinus na Maximus, waliona njaa ya wale watu ni biashara. Ammianus Marcellinus, mwanajeshi Mroma aliyeishi zama hizohizo, anaandika kwamba walikusanya mbwa kila walikowapata wakawa wanawabadilisha na watumwa, mbwa mmoja kwa mtu mmoja, na kati ya waliotolewa walikuwemo watoto wa wakubwa wa Kigothi. Hebu fikiria mzazi, mtoto wako anashikwa mkono anapelekwa kule, wewe unabaki na mzoga wa mbwa ili wale wadogo zake waliobaki wasife. Na anayeyasema haya ni Mroma, sio Mgothi anayejitetea.

Afu wakapelekwa mji wa Marcianopolis, Bulgaria ya leo. Lupicinus akawaalika viongozi wao karamuni huku wananchi wao wamezuiwa nje wasiingie mjini kununua chakula, fujo ikaanza, Lupicinus akaamuru walinzi wa wageni wake wauawe. Kiongozi wao Fritigern akaponea hapo, akasema niacheni nitoke nikawatulize watu wangu, akatoka, na vita ikaanza. Tarehe 9 Agosti 378 karibu na Adrianople (siku hizi Edirne, Uturuki) Valens hakutaka kumsubiri Gratian, Kaisari mwenzie wa magharibi aliyekuwa njiani na jeshi, akawatembeza askari juani toka asubuhi na vyuma vyao mwilini, wana kiu, Wagothi wamechoma majani moshi umetanda, na wapanda farasi wao wakarudi ghafla. Kama theluthi mbili ya jeshi iliisha siku hiyo. Valens mwenyewe maiti yake haikupatikana.

Mwaka 382 wakapatana, Wagothi wapewe ardhi na wapigane upande wa Roma, lakini dharau haikuisha. Mwaka 408 wakubwa wa Italia walimuua jenerali wao wenyewe Stilicho, wakachinja wake na watoto wa askari wenye asili ya kigeni mijini, kwahiyo wale wababa wakaenda wapi? Wakaenda kwa Alaric, mfalme wa Wagothi. Alaric akauzingira mji wa Roma, akaondoka baada ya kulipwa ratili 5,000 za dhahabu, 30,000 za fedha, na 3,000 za pilipili manga, yaani karibu tani nzima ya kitu ambacho pale soko la Kilombero, Arusha, tunapimiwa kwa kijiko. Hata hapo alikuwa bado anaomba makubaliano, akashusha madai mpaka akabaki anataka mkoa mmoja wa pembeni na nafaka tu, Kaisari Honorius kajifungia Ravenna anakataa. Tarehe 24 Agosti 410 Wagothi wakaingia Roma, wakapora siku tatu.

SWALI: Mwandishi, shikamoo. Mi mwalimu wa Sunday school, Usa River. Je, hao Wagothi walikuwa wapagani?

JIBU: Marahaba mwalimu. Wakati wanaingia Roma wengi walishakuwa Wakristo, ila wa mafundisho ya Arius, kwamba Yesu aliumbwa na Mungu Baba na hayuko sawa naye, ambayo kanisa la Waroma liliyakataa. Ndo maana waliokimbilia makanisa ya Petro na Paulo siku zile tatu hawakuguswa. Aliyewaletea maandiko ni Wulfila, askofu ambaye ukoo wake ulitekwa na Wagothi toka Kapadokia. Alitunga herufi za Kigothi, lugha ambayo haikuwa na vitabu, akatafsiri Biblia, na nakala moja ya Injili ya baadaye ipo mpaka leo Uppsala, Sweden, imeandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu kwenye ngozi ya zambarau. Inasimuliwa kwamba vitabu vya Wafalme aliviacha makusudi bila kuvitafsiri, kwa sababu vimejaa vita, na watu wake vita walikuwa wanaipenda vya kutosha tayari.