Mabati bila kiwanja
Ndugu yangu, umeuliza kama mabati ya miaka ile ya 1990 yaliwapa makazi askari wa Uganda walioachishwa jeshi, na baba yako anayesubiri kiinua mgongo aanzie wapi. Yaliwasaidia wengine. Kati ya 1992 na 1995 Uganda ilipunguza askari zaidi ya 30,000, wakarudishwa vijijini na mabati, majembe, mbegu na pesa kidogo. Lakini bati linataka kiwanja! Mjomba wangu alikuta shamba la babu limeshagawanywa. Akauza mabati, na mpaka leo anapanga chumba Luwero. Inaniuma sana. Basi mpeleke mzee kwa wakubwa wa ukoo na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, sehemu yake ya ardhi iandikwe, mashahidi watie sahihi, kabla kiinua mgongo hakijaingia.