Bei ya mita ya mraba haitoshi kukadiria nyumba ya nje ya nchi

Kama unajiuliza bei ya mita ya mraba inatosha kukadiria gharama ya kujenga nyumba nje ya nchi, jibu ni hapana, ukizidisha hiyo bei kwa ukubwa wa nyumba unapata gharama ya jengo tu, tena uliza kwanza kama hizo mita zinapimwa nje ya kuta au ndani ya vyumba maana kila nchi ina mazoea yake. Kiwanja, kibali, ada ya msanifu na injinia, kuvuta maji na umeme, majitaka, uzio, kodi, mara nyingi vyote haviko kwenye hiyo bei. Mi ni mkadiriaji majenzi, na kinachowabana sana watu wanaojenga mbali ni msingi, ramani ileile ukiipeleka kwenye udongo mbovu au mteremko gharama inaruka kabla hata ukuta haujaanza, so pima udongo kwanza. Tafuta mkadiriaji wa hukohuko, asiwe mtu wa kontrakta, akuandalie BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote pamoja na kiasi chake, ndo uombe bei kwa makontrakta watatu hivi. Akiba ya dharura weka 10 hadi 15% ya gharama ya ujenzi, ila kama hela yako iko kwenye sarafu nyingine hiyo akiba haihesabu kupanda kwa dola wala euro, hiyo iweke pembeni peke yake.