Ukiombwa Kumshikia Mwenzako Zamu na Huwezi

Ombi lenyewe huja jioni, saa mbili tatu kabla zamu haijaanza: "Dada, nishikie usiku wa leo, nina dharura." Aliyetoka wodini saa 8 mchana anausoma ujumbe, anaweka simu kifudifudi, anakaa nusu saa akitafuta maneno. Nusu saa hiyo ndiyo inayoharibu mambo. Mwenzake ameshaona alama mbili za bluu, anaamini jibu la "ndiyo" liko njiani, na haulizi mtu mwingine. Ukija kumjibu saa 1 usiku kwamba hutaweza, umemnyima zamu na umemnyima pia muda wa kutafuta mwingine. Kinyongo kingi wodini chanzo chake ni jibu lililochelewa, wala si neno "hapana".

Jipe dakika kumi, zisizidi. Tazama rosta, yaani ratiba ya zamu, kisha hesabu saa zako. Hapa tunawalenga wauguzi wa Tanzania Bara, ingawa walinzi na wahudumu wa hoteli watayakuta mambo yao humu humu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na saa 24 mfululizo kila wiki. Kwa siku moja, kazi haipaswi kuzidi saa 12 hata ukijumlisha saa za ziada. Sasa chukua aliyeanza saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 8 mchana, halafu anaombwa zamu ya saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi. Katikati pana saa 6. Toa saa moja na nusu ya daladala kurudi nyumbani na nyingine ya kuja tena, toa kuoga, kupika na kula. Kinachobaki cha kulala ni saa mbili, tena za mchana, na watoto wa jirani wako nje wanacheza. Mtu huyo ndiye atakayekuwa peke yake saa 10 alfajiri anavuta dawa kwenye bomba la sindano, na kwenye kadi ya mgonjwa pameandikwa 0.5. Macho yaliyochoka hayaioni ile nukta. Hesabu ikikataa namna hiyo, huna haja ya kujiuliza kama una roho mbaya.

Jibu lenyewe liwe fupi: "Pole, dada. Usiku wa leo sitaweza kukushikia. Mpigie mkuu wa wodi sasa hivi, bado mapema." Pole inaonyesha umesikia shida yake. Kutaja usiku wa leo kunazuia jibu lisigeuke kuwa ugomvi wa daima. Sentensi ya mwisho inampeleka kwa mwenye uwezo wa kupanga watu. Humo hamna "kwa sababu", na haikusahaulika. Ukitoa sababu, umefungua mlango wa majadiliano. Sema mtoto anaumwa, utaulizwa bibi yake hayupo? Sema umechoka, utaambiwa sote tumechoka. Akiendelea kukubembeleza, rudia maneno yale yale bila kuongeza jipya.

Yaogope maneno laini: "tuone", "nitaangalia", "nikipata nafasi", na ile inshallah ya kukwepa. Kwetu mwombaji huyasikia yote hayo kama kukubali. Anayeomba akiwa mtu mzima kwako, usimwandikie, mpigie: "Shikamoo mama. Nimeona ujumbe wako. Naomba uniwie radhi, usiku wa leo sitaweza." Ombi likitupwa kwenye kundi la WhatsApp bila jina, hulazimiki kulijibu; ukitajwa jina, jibu pale pale watu waone.

Wasio na watoto wana mzigo wao wa pekee. Kila Iddi na Krismasi wanaambiwa "wewe huna familia". Si haki, na wanaruhusiwa kukataa kwa maneno yale yale mafupi.

Anayekuomba akiwa mkuu mwenyewe, soma kwanza mkataba wako. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, lakini huenda uliyatia sahihi siku ya kuajiriwa, na hapo kukataa bila hoja kunaweza kuitwa ukaidi. Hata ukiwa umekubali, ukomo ni saa 50 za ziada ndani ya wiki nne, na dharura ya kweli ina kanuni zake. Malipo ya saa ya ziada ni mara moja na nusu. Kwa mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 na wiki ya saa 45, saa moja ni kama 2,000, ya ziada 3,000, na kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezwa asilimia 5, inakuwa 3,150. Mwenzako anayekuahidi elfu kumi kwa simu kwa usiku mzima anakupunja bila kujua, na saa hizo hazitaonekana popote.

Msiba ni jambo jingine. Hapo wengi hutaka kusaidia, nasi tunaona ni vema. Basi badilishaneni zamu kwa zamu, na tarehe zote mbili ziandikwe kwenye ujumbe mmoja kwenda kwa mkuu wa wodi. Subirini hadi rosta ibadilishwe. "Nitakulipa siku nyingine" huishia hewani pale mwenzio anapohamishwa. Kwenye daftari la mahudhurio weka sahihi yako mwenyewe. Kusaini kwa jina la mwingine ni udanganyifu, na mnaweza kuadhibiwa wote wawili.

Usichanganye haya na zamu ambayo mpokezi wako hajatokea. Hapo wagonjwa bado wako mikononi mwako na huondoki. Mpigie mkuu wa wodi, andika kwenye kitabu cha ripoti saa uliyopiga na alichokujibu, na upige tena baada ya dakika 30 kama hakuna aliyekuja.

Na kama ulishasema ndiyo kisha ukaona haiwezekani, piga simu saa hiyo hiyo, kwa mwenzako kwanza, kisha kwa mkuu. Ujumbe wa maandishi hautoshi, maana anaweza kuusoma kesho. Mpaka mkuu aseme amepata mtu, zamu hiyo bado ni yako.