Dola 60 ku mwezi zitabadilisha mtoto wangu?

Barua ya kwanza

Yaya jambo. Miye niko mama wa batoto ine, tunaikala Katuba, bwana yangu iko shofa wa taksi, miye minauzisha makala. Mutoto wangu wa kwanza iko mu klase ya ine. Shemeji yangu anasema tumutoshe ku masomo (shule) ya serikali tumupeleke ku prive moya ya kule mu ville, juu kule banasema Kifransa tangu asubui, bei dola 60 ku mwezi, tutakamata feza ya likelemba (mchango wa kupokezana). Jirani naye anacheka, anasema mutoto wa masikini hata asome wapi atabakia masikini, juu batoto ba ba avoka njo banakuwaka ba avoka. Nani anasema kweli? Na tena tukilipa ile, dada yake wa myaka saba atangoya kwanza nyumbani, paka mwaka moya.
Mama wa Katuba

Jibu

Mama, salamu nyingi kwako na kwa bwana. Shemeji na jirani kila mmoja ana kipande cha ukweli, lakini hakuna hata mmoja anayekwambia ufanye nini na mtoto kesho asubuhi.

Tuanze na jirani, juu maneno yake njo yanavunja moyo zaidi. Mwaka 1966 kule Marekani profesa mmoja anaitwa James Coleman na wenzake walipima wanafunzi karibu 600.000 mu masomo karibu 4.000, serikali yenyewe njo iliagiza ile kazi, na watu wengi walingojea itoke kwamba watoto weusi wanashindwa sababu masomo yao hayana vitabu na vyombo. Ikatoka ingine. Ukisha kuhesabu nyumba mtoto anamotoka, wazazi walisoma mpaka wapi, wanapata nini, na wenzake wa klase nao wanatoka nyumba gani, tofauti ya majengo na vitabu ilibaki inaeleza kidogo tu. Jirani yako akisikia hii ataruka kwa furaha! Lakini mama, Marekani ya 1966 hata masomo mabaya yalikuwa na mwalimu analipwa, ubao na madawati. Ukilinganisha mbaya ya kule na nzuri ya kule, si kama kulinganisha klase iko na mwalimu na klase haina.

Ndiyo sababu 1983 wengine wawili, Stephen Heyneman na William Loxley, waliangalia inchi 29, tajiri na maskini, wakaona kadiri inchi ni maskini ndivyo masomo na mwalimu wanabeba uzito mkubwa kuliko nyumba. Baadaye watafiti wengine waliwabishia, wanasema masomo yalivyoenea duniani nyumba ilirudi kushinda hata mu inchi maskini, na ile mabishano ingali inaendelea. Mimi kwa vile ninaona hapa Lubumbashi ninabaki upande wa Heyneman na Loxley, na sababu yangu ni moja tu: mwalimu akikosa kuja, mtoto wa avoka atajifunza vilevile, baba yake analipa enkadrere (mwalimu wa nyumbani) wa jioni, mama yake anamsahihishia kaye, kuna kamusi mu salon. Wa kwako hana mwingine. Mwalimu wa masomo njo mwalimu wake wa pekee, kwa hiyo mwalimu mzuri anamsaidia wa kwako kuliko anavyomsaidia wa avoka, na mwalimu mubaya anamuumiza wa kwako kuliko ule mwingine.

Wazee wa mji huu wanajua hii mambo bila profesa. Zamani ya kampuni ya shaba, Union Minière, kisha Gécamines kuanzia 1967, kampuni ilitoa nyumba mu kampi, posho, hospitali na masomo, yaani nyumba na klase zilitoka mkono mmoja, na mtoto wa baba asiyejua kusoma aliweza kukaa mbele ya mwalimu mwenye kujua kazi yake tena ametoka kula. Wengi wa wale leo ni wainjinieri na wadaktari, waulize baba zao walisoma mpaka wapi. Kisha ikaanguka. Shaba ilikuwa inapita tani 400.000 kwa mwaka mu miaka ya 80, mu 2003 Gécamines haikufika hata 30.000, mishahara ilikuwa imekwama miezi na miezi, na watu zaidi ya 10.000 walisaini ile départ volontaire (kuacha kazi kwa kupenda) ambayo wengi wanasema mpaka leo haikuwa na kupenda yoyote ndani. Mtoto yuleyule, akili ileile, damu ileile, lakini posho imeisha na masomo ya kampuni yamechakaa kwa wakati mmoja. Hapo njo jirani yako anakosea: anasema umaskini kama vile ni ukoo, na hapa kwetu tuliona familia elfu na elfu zinageuka maskini juu ya maamuzi ya ofisi.

Sasa shemeji. Kifaransa tangu asubuhi, ndiyo, inapendeza kusikia. Lakini nikuulize, huyu mtoto wa klase ya ine anasoma ao anaimba? Mpe ukurasa asioujua, asome, kisha akuelezee kwa Kiswahili maana yake. Wewe huna haja ya kujua Kifaransa kwa ile, utaona paka mu macho yake. Banki ya Dunia inahesabu kwamba mu inchi yetu ya Kongo watoto 97 juu ya 100 wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa maandiko mepesi, na hao 97 hawatoki masomo ya serikali peke yake. Kule Kenya (Kenya ya nchi, si komini yetu ya hapa Lubumbashi) Michael Kremer na wenzake waligawa vitabu mu masomo ya vijijini mu miaka ya 90 halafu wakapima. Maksi za wengi hazikupanda, waliopanda ni wale waliokuwa tayari wakali. Sababu kubwa, vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wale watoto ilikuwa lugha ya tatu. Fikiria wa kwako, nyumbani Kiswahili, pengine Kiluba cha bibi, akifika kule mtu anamwaga Kifaransa kwa masaa sita na yeye bado hajajua kuunganisha silabi. Hata sheria ya elimu ya 2014 inataka lugha zetu zitumike kufundishia, ni sisi wazazi njo tunaona haya.

Sisemi prive zote ni mbaya. Katiba ya 2006 kwa kifungu cha 43 ilisema primeri ya serikali ni bule, lakini ile bule yenyewe ilikuja kuanza 2019 na Rais Tshisekedi, watoto wakajaa, kuna klase mtoto anakaa juu ya tofali, na wazazi wenye uwezo wakakimbia. Ninawaelewa kabisa. Shida ni kwamba prive zikafunguka kila avenue, zingine mu nyumba ya vyumba viwili, wamepaka rangi, wamenunua basi, na mwalimu analipwa kidogo kuliko shofa wa ile basi. Mbele ya kutoa hata franka moja nenda pale siku ya kazi, bila kutangaza, kisha angalia kaye za watoto wa pale: zimesahihishwa? Tarehe zinafuatana, ao kuna wiki mbili hakuna kitu? Uliza mwalimu wa klase ya ine yuko pale tangu lini, kama wanabadilika kila trimestre ujue hawalipwi. Fanya vilevile ku masomo ya serikali anakosoma sasa. Inawezekana ukakuta mwalimu wake wa bule ni mzuri kuliko wa dola 60, na inawezekana ukakuta kinyume, basi utakuwa umeona wewe mwenyewe.

Na usifikiri minervale (feza ya masomo) inanunua kazi. Ukikusanya dunia nzima kila mwaka mmoja wa masomo unaongeza mapato ya mtu karibu asilimia 9, ni kitu kikubwa. Lakini ni hesabu ya wastani. Hapa mtoto wa avoka akimaliza anapata nafasi ofisini kwa rafiki wa baba, wa kwako atatembeza dosye mpaka viatu viishe, ile familia inarudi tena mara ya pili pale ku mlango wa kazi na hakuna prive inaweza kuondoa hiyo. Kwa hiyo kukopa likelemba yote kwa jina la masomo tu, hapana.

Kuhusu binti wa miaka saba nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Hapana, asingoje hata mwezi moja. Mwaka unaitwa moja, kisha kunakuja mtoto wa kuchunga, kisha anaona haya kukaa na wadogo. Na mama aliyesoma njo ile "nyumba" Coleman alikuwa anahesabu, wajukuu zako watapimwa kupitia huyu. Mwandikishe, primeri ni bule, bakiza feza ya kaye na inifomu.

Zile dola 60 hauna lazima ya kuzitoa zote. Kwa robo yake utapata mwanafunzi wa UNILU (iniversite ya Lubumbashi) awasomeshe wote wawili jioni, mara tatu kwa wiki, kusoma na hesabu tu. Ingine iwe bui (uji) ya asubuhi, juu tumbo tupu haisikii mwalimu.

Barua ya pili

Miye niko mwalimu Kampemba, klase ya tano, batoto 104. Nusu habajue kusoma. Programu inasema niendelee. Nifanye nini?

Jibu

Mwalimu, pole na asante. Kule India shirika Pratham lilifanya kitu ambacho Banerjee na Duflo (walipata Nobel 2019 pamoja na yule Kremer wa juu) walikipima mara nyingi na kikafaulu: saa moja kwa siku watoto hawakai kwa klase, wanakaa kwa kiwango. Mwite mmoja mmoja, asome herufi, akiweza asome neno, akiweza mistari minne, akiweza hadithi fupi. Pale anaposhindwa njo kundi lake. Zambia, hapo tu ngambo ya Kasumbalesa, wameiingiza mu masomo ya serikali kwa jina Catch Up.

Peke yako na 104 hautaweza makundi ine, anza na mawili. Wale wanaojua wasome wenyewe na kuandika, wewe ukae na wale wasiojua, kwa Kiswahili kwanza, Kifaransa kisha. Direktere akikukatalia juu ya inspektere, ongea na mwenzako wa klase ya ine, mgawane watoto saa ya mwisho, yeye akamate wa herufi, wewe wa maneno.