Wimbo umerudi, lakini do bado

SWALI: Naimba kwaya na nasoma solfa. Nimeanza kusikiliza muziki wa kipindi cha Klasiki, wa akina Haydn na Mozart, lakini kila sonata (kazi ya ala yenye sehemu kadhaa) inanipoteza katikati. Nianzie wapi, na nisikilize nini?

JIBU: Anza na sonata ya piano ya Mozart katika C meja, K. 545 (namba yake katika orodha ya kazi za Mozart), sehemu ya kwanza. Mozart aliiandika kwenye orodha ya kazi zake tarehe 26 Juni 1788, akaeleza kuwa ni ya wanaoanza. Sehemu hiyo ina vipimo 73 tu, yaani vipande vidogo vinavyotengwa kwa mistari ya wima kwenye noti.

Wengi hupotea kwa sababu wanafuata wimbo peke yake. Watunzi wa kipindi hiki, takriban 1750 hadi 1820, walijenga kwa ufunguo, yaani noti ipi ndiyo do: wanaondoka kwenye do ya kwanza, wanahangaika, kisha wanairudia. Kwa hiyo ishike C kwa mdomo uliofumbwa, na kila mara ujiulize imekuwa noti gani.

Mwanzoni C ni do. Mkono wa kulia unapiga do, mi, so. Wa kushoto do-so-mi-so, mara mbili kwa kipimo, mtindo unaoitwa besi ya Alberti.

Kipimo cha 5 skeli (noti zinazopanda na kushuka kwa mfululizo) zinaanza kukimbia. Kipimo cha 14 unaingia wimbo wa pili, na do sasa ni G: ile C yako imekuwa fa, inavuta kushuka kwenda mi. Vipimo 28 vya kwanza vina alama ya marudio. Baadhi ya wapigaji huiruka, basi usishtuke. Kipimo cha 29 muziki unageukia G maina na kuhamahama kwa vipimo 13.

Kipimo cha 42 ndicho kinachowadanganya wengi. Wimbo wa kwanza unarudi ule ule, ila Mozart ameuweka kwenye F, jambo lisilo la kawaida, maana wengi wangeurudisha kwenye C. Imba C yako: inasikika so. Subiri. Skeli zinarefushwa kwa vipimo vinne, na kipimo cha 59 wimbo wa pili unaingia tena, safari hii C ikiwa do.

Ukishaweza kukitambua kipimo cha 59 bila kuangalia karatasi, nenda kwenye sonata za Haydn kwa njia hiyo hiyo.